Paka mzee na safari ya Desemba

Assalamu alaikum nyote,

Naomba msaada kwa jambo ambalo nyumbani nikilitaja nachekwa. Nina paka wa miaka 16, mgonjwa, na Desemba natakiwa Mombasa kwa wiki sita. Mdogo wangu anaoa, kisha mama anatolewa mtoto wa jicho. Nani amewahi kusafiri akaacha mnyama mgonjwa London, na alifanyaje?

Paka huyo, Kaimati, sikumnunua. Alikuwa wa bibi mmoja wa hapa Leyton, mlango wa pili kutoka kwangu, ambaye kwa miaka miwili tulipishana ngazini bila kusemezana. Mimi nimekulia Mji wa Kale, jirani anapiga hodi huku keshafika ukumbini. Hapa nilizoea kupita nikitazama chini. Siku moja nakaanga samaki, mlango uko wazi moshi utoke, paka huyo ndani. Bibi akaja kumfuata. Nikamkaribisha chai ya maziwa yenye tangawizi, akanywa vikombe viwili, na tangu hapo Jumapili zikawa zetu. Mwaka 2017 alihamia nyumba ya wazee ambayo haikuruhusu wanyama. Akaniletea paka, bakuli lake na blanketi. Mpaka alipofariki nilikuwa nikimpelekea picha za Kaimati, za karatasi, kwa sababu za simu alikuwa hazioni vizuri.

Kwetu paka ni wa mtaa. Wanangojea wapaa samaki, wanagawana matumbo, na hakuna aulizaye huyu wa nani. Nyanya alitufundisha kuwa paka si najisi: akinywa kwenye maji ya udhu, watawadhia hayo hayo. Ila akizeeka, asubuhi moja humwoni tena, basi. Kwa hiyo sikuwa nimewahi kumtazama paka akizeeka. Huyu nimemwona. Kwanza aliacha kuruka dirishani, akawa anapanda kochi, kutoka kochi meza, kutoka meza dirisha. Kisha akawa anakunywa maji kupita kiasi, mchanga wa choo chake unalowa upesi, uti wa mgongo unahesabika ukimpapasa. Nikasema ni uzee. Nikangoja miezi mitatu, na hiyo miezi mitatu naijutia mpaka leo.

Damu ilipopimwa, figo. Daktari alinieleza kwamba paka huonyesha dalili wakati sehemu kubwa ya figo imekwisha kuharibika. Haziponi, ila zaweza kucheleweshwa: chakula maalumu chenye fosforasi kidogo, maji mengi, vipimo vya mara kwa mara. Ana presha pia, kama mama, na kidonge ni kila siku. Bima haikulipa kwa sababu ugonjwa ulionekana kabla sijamkatia. Wenye paka waliopita miaka 10, tafadhali, chungeni bakuli la maji.

Dada wa Leyton

---

Waalaikum salaam dada,

Asikuambie mtu kuwa unajisumbua bure. Mimi ni muuguzi wa wanyama huku Woolwich, na nimeona watu wetu wengi wanakuja wamechelewa kwa kuona haya tu.

Kwenda naye Mombasa usifikirie kabisa. Kumrudisha kutoka Kenya kunataka chipu (kile kidude cha utambulisho kinachotiwa chini ya ngozi), chanjo ya kichaa cha mbwa, damu ipimwe baada ya siku 30 za chanjo, halafu miezi 3 tangu damu itolewe. Paka wa figo hawezi safari hiyo. Wala usimhamishie kwa mtu. Paka mzee abaki nyumbani kwake, mtu ndiye aje.

Chipu yenyewe umeiangalia? Tangu 10 Juni 2024 ni lazima kisheria kwa paka wote wa England waliofikisha wiki 20, na faini yafika pauni 500. Na kwa kuwa ulirithi paka, huenda jina lililoandikishwa bado ni la yule bibi. Akipotea wewe huko, watapiga simu isiyo na mwenyewe.

Atakayemtunza mwambie mambo mawili hata kama unaona anayajua. Asimpe Panadol hata akimwona anaumwa, kidonge kimoja chaweza kumuua paka. Na asiweke maua ya lili ndani, hata chavua yake huharibu figo.

La mwisho ni gumu. Kabla hujaondoka mwandikie daktari barua: nani anaruhusiwa kuamua, mpaka pauni ngapi, na hali ikiwa mbaya kabisa wafanye nini. Nimeona mtu akipigiwa simu usiku, yuko kijijini mtandao hakuna, na mnyama anateseka saa nyingi kwa kukosa neno moja la mwenyewe.

Kama unapokea ruzuku za serikali, waulize PDSA au Blue Cross, mashirika ya hisani yanayotibu wanyama.

---

Dada wa Woolwich, Mungu akuzidishie.

Chipu kweli ilikuwa na jina la bibi na namba ya nyumba yake ya zamani. Nimebadilisha. Kulifuta lile jina kuliniuma kuliko nilivyotarajia.

Safari nimeikata iwe wiki tatu. Dada yangu wa Kisauni atabaki na mama baada ya jicho. Na mtunzaji nimempata ngazi ya chini yangu: mama wa Kituruki, ambaye kumbe Kaimati alikuwa akienda kula kwake mchana enzi za nguvu zake. Sikujua. Alinionyesha kisahani. Ujira amekataa, ameomba iliki na pilipili manga za Marikiti, nami nitambebea kilo.

Barua ya daktari iliniweka macho siku mbili. Mwisho nimeandika kwamba hali ikifika pale, asiachwe ateseke kwa kunisubiri mimi, na mama wa chini aamue. Nilimsomea kabla ya kuipeleka. Akanishika mkono, akasema atakaa naye mpaka mwisho.

Tumeanza kumzoesha Kaimati kula kidonge mkononi mwa mama huyo, ndani ya kipande cha kuku cha kuchemsha kisicho na chumvi. Siku mbili alikitema. Leo ya tatu, kimeshuka.