Mrejesho: mpwa wangu na insha ya kupimwa muda

Asalaam aleikum wapendwa. Niliwauliza nimsaidieje mpwa wangu aliyeko Virginia, Marekani, anayeomba nafasi Thomas Jefferson, sekondari ya sayansi inayochuja sana. Mtihani wao wa zamani uliondolewa 2020. Siku hizi wanatazama alama za darasani, maelezo ya mtoto kuhusu nafsi yake, na insha ya kutatua swali la hesabu au sayansi, tena kwa muda maalumu.

Mlionikataza kumkaririsha insha, Mungu awalipe. Alipokuja Lamu likizoni nilimpa swali barazani: jahazi la kubeba tani 6 lipakie mifuko mingapi ya saruji ya kilo 50? Akaandika 120, akaweka kalamu. Nikamwambia, "Mimi nahodha, sikuamini. Nieleze." Hapo ndipo jasho lilipomtoka! Polepole akazoea kutaja anachojua, anachokisia (mabaharia nao wana uzito), kisha hatua zake.

Ameshaandika. Anasema alipata hata muda wa kusoma upya. Majibu bado, tuombeeni. Mdogo wake naye anafuata, kwa hiyo mwenye maswali ya namna hii aniletee.