Katesh, Bukoba au Somanga: hatari za maafa hupimwaje kabla ya kujenga nyumba ya kuzeekea?

Mstaafu Mtarajiwa
Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Mwakani ninatimiza miaka 60, na mimi na mke wangu tumepanga kutumia kiinua mgongo kujenga nyumba ya kuzeekea. Tumeonyeshwa viwanja vitatu: Katesh chini ya Mlima Hanang, Bukoba, na Somanga wilayani Kilwa. Kila ninapotaka kulipa, nakumbuka maporomoko ya tope ya Hanang ya Desemba 3, 2023, tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016, na Kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Mke wangu anaumwa magoti na hawezi kukimbia. Je, mtu hupimaje hata aseme hatari hii naiweza, ile siiwezi?

Mkazi wa Kashai
Shikamoo mzee wangu. Nilikuwa Bukoba Jumamosi ile alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipotupata. Waliofariki wengi waliangukiwa na kuta. Nyumba yetu ya zamani, ya matofali ya kuchoma yaliyojengewa kwa udongo, iliachana pembeni kiasi cha kupitisha mkono kwenye ufa, ilhali ya jirani, yenye linta (mkanda wa zege wenye nondo ndani) iliyozunguka kuta zote, ilipasuka lipu tu. Hatari ya huku, basi, hupungua kwa nondo na fundi mwaminifu. Usikubali linta ya juu ya milango na madirisha peke yake. Izunguke nyumba nzima bila kukatika, na nondo zake zipishane vizuri kwenye pembe.

Mama wa Katesh
Kaka yangu, kwetu nondo haisaidii. Mlima ulikuwa umelowa kwa mvua hata sehemu yake ikameguka, na tope likashuka na magogo na mawe makubwa kwa kufuata makorongo mpaka mjini, likaua watu zaidi ya 80. Hakuna ukuta wa nyumba ya kawaida unaohimili mawe yale. Nenda wakati wa mvua, simama kiwanjani, utazame juu: korongo linaelekea wapi? Ukikuta mawe makubwa yamefukiwa nusu katikati ya shamba, jua kwamba kuna siku yaliletwa. Waulize wazee wa hapo kabla ya dalali, kwa sababu dalali hupenda kuonyesha viwanja wakati wa kiangazi. Kama kiko njiani mwa korongo, kiache hata ukipewa kwa nusu bei.

Mzee wa Kilwa
Ndugu, tofauti ya kimbunga ni kwamba hutangazwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kabla Hidaya haijafika, na mgonjwa wa magoti angeweza kuhamishwa mapema, jambo ambalo tetemeko halikupi nafasi ya kulifanya. Mimi ninahofia zaidi siku zinazofuata: barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika hapo Somanga, magari yakakwama huku na huku. Kama shemeji anatumia dawa za kila siku, awe na akiba ya mwezi mzima ndani, na msingi wa nyumba uinuliwe.

Mstaafu Mtarajiwa
Nawashukuru sana. Cha Katesh tumekiacha, kwa kuwa kutoka mpakani mwake hadi korongoni nilihesabu hatua 40. Mkazi wa Kashai, kiwanja cha Bukoba kiko mtelemkoni. Je, linta moja inatosha, au nifunge mkanda wa zege kwenye msingi pia?

Mkazi wa Kashai
Funga vyote viwili, mzee wangu, na usijenge juu ya kifusi. Chimba mpaka ukute udongo mgumu.