Kuhamisha mayuza wa NAV 2018 kwenda domeini mpya: konsaltanti anasema tufungue upya, mnasemaje?

Fundi_Ilala
Wakuu habari za saa hizi. Kampuni yetu ni ya spea, Dar na matawi mikoani, imenunuliwa na grupu na sasa amri imeshuka kila kitu kihame domeini ya zamani (mtandao wa Windows unaotunza akaunti za wafanyakazi) kiingie ya grupu. Komputa hazinisumbui, shida ni Dynamics NAV 2018, mfumo wa Microsoft tunaotumia kwa uhasibu na stoo, watu wanaingia kwa akaunti zao za Windows, yuza kama 60 hivi. Konsaltanti wa grupu anasema fungueni mayuza upya kwa jina la domeini mpya, wa zamani mwazime, basi. Roho inakataa, maana kwenye leja kila muamala una jina la aliyeupost, idhini za manunuzi zimefungwa kwenye majina yaleyale, stoo pia. Mliowahi kuhama mlifanyaje? Nikibadilisha jina tu, mfumo utamtambua mtu?

Chapati_Mbili
Konsaltanti analipwa kwa saa, ulitegemea aseme nini 😂

MzeeWaSeva
Usifungue upya mkuu, utalia. Yuza mpya anaanza sifuri: ruhusa, kurasa alizozipanga mwenyewe, idhini, stoo, mpaka printa. Shika hili kwanza, NAV haimruhusu mtu kuingia kwa jina, inamjua kwa SID, ile namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na inayoitoa ni domeini, kwa hiyo Amina wa domeini ya zamani na Amina wa domeini mpya kwa Windows ni watu wawili hata kama paswedi ni ileile.

Sasa fungua kadi ya yuza. Juu kuna User Name, chini kuna Windows User Name. Ukibadilisha ya chini inakwenda kuchukua SID mpya, hapo ndo mtu anaingia. Ukibadilisha ya juu inakuuliza kama una uhakika, ukikubali inapita kwenye majedwali yote yanayorejea hilo jina, leja zikiwemo, kampuni zote zilizomo kwenye database, inaandika jipya. Ruhusa zenyewe zimefungwa kwenye kitambulisho cha ndani ambacho hakibadiliki kwa hiyo hazitikisiki. Leja zikiwa kubwa itachukua muda, fanya watu wakishatoka, na anzia kwenye kopi ya database sio ile ya kazi.

Ila seva haiwezi kuchukua SID ya domeini isiyoiona. Tengenezeni trasti kati ya domeini mbili (kila moja itambue akaunti za mwenzake) kabla ya kuhamisha seva, na DNS, zile zinazotafuta seva kwa majina, zionane. Halafu kabla hujamgusa yeyote weka yuza mmoja wa domeini mpya mwenye SUPER (ruhusa zote), ajaribu kuingia, uone kwa macho. Ukihamisha seva bila huyo utajikuta nje ya mlango unaanza kufuta mistari kwenye jedwali la User kupitia SQL, yaani moja kwa moja ndani ya database, ushauri huo umejaa mtandaoni na sitaki hata kuuelezea.

Fundi_Ilala
Asante mzee. Tuna moduli ya maombi ya fedha tuliyotengenezewa na devu (mwandishi wa programu) wa nje, nayo itabadilika yenyewe?

kodi_za_usiku
Inategemea alivyoiandika. Ile rename inafuata sehemu ambazo zimeunganishwa na jedwali la User. Kama devu aliweka jina kama maandishi tu, hayataguswa, maombi yatabaki na jina la zamani na bosi ataona listi tupu. Mwambie akupe orodha ya sehemu zote anazohifadhi jina la yuza. Angalia na Job Queue, foleni ya kazi zinazojiendesha zenyewe, kila kazi ina yuza wake. Na kwenye SQL Server, inakokaa database ya NAV, job za bakapu zikiwa na mwenyewe wa domeini ya zamani zitagoma siku ile domeini ikizimwa, na bakapu ikigoma hakuna anayepiga simu, hamishieni umiliki kwa sa (akaunti kuu ya SQL Server yenyewe) mapema. Akaunti ya sevisi ya NAV ikibadilika nayo inahitaji logini mpya na db_owner (ruhusa kamili kwenye database), SPN pia, yaani jina la sevisi lililosajiliwa kwenye domeini, piga setspn -X uone kama kuna iliyojirudia.

Dada_Ledger
Niwasemee wahasibu kidogo. Msije mkafanya hii kitu wiki ya tarehe 20, tuna ritani ya VAT na hatutaki kusikia neno domeini. Na kabla hujabadili hata jina moja tengeneza Excel, jina la zamani, jina jipya, jina kamili la mtu, meneja fedha asaini. Auditor atakuja na ripoti ya mwaka jana yenye majina ya zamani, mfumo unaonyesha mapya, utamjibu nini? Halafu cheki majina yanayogongana! Huku kwetu jjuma alikuwa wa stoo Mwanza, kumbe makao makuu ya grupu kuna jjuma mwingine wa mauzo. Bila ile Excel yule wa mauzo angeamka na idhini za stoo.

MzeeWaSeva
Dada kaongea. Fundi, hiyo Excel uianze leo.

Fundi_Ilala
Naianza leo. Nimeshaona tuna amwakyusa wawili. Jumamosi tunajaribu kwenye kopi, konsaltanti nimemwambia aje na laptop yake.

Chapati_Mbili
Na saa zake azihesabu 😂