Kalenda ya simu haifiki kwenye seva ya barua pepe: CalDAV, ActiveSync, au tuhamie Google?

MwanaKurasini

Wakuu habari za jioni. Ofisi yetu ni ya wakala wa forodha, hapa Kurasini. Barua pepe zetu ziko kwenye seva ya kukodi yenye cPanel (programu ya kuisimamia seva). Kompyuta zote zina Thunderbird (programu ya barua na kalenda), simu ni mchanganyiko: wengi Android ambazo tumeziwekea DAVx⁵ (programu ya kusawazisha kalenda na seva), wachache iPhone.

Tunachotaka ni hiki: mtu akiwa bandarini aandike kwenye simu "ukaguzi wa kontena, Jumanne saa tatu asubuhi", na mwenzake aliye ofisini akione. Barua pepe zinaingia vizuri. Yaliyoandikwa kwenye kompyuta yanafika kwenye simu, ila yaliyoandikwa kwenye simu hayarudi. Tena kuna matukio yanajitokeza saa isiyo yake. Kwetu hili ni zito, kwa sababu siku za bure za kontena zikipita bila mtu kukumbushwa, mteja ndiye anayelipia hifadhi.

Hapa ofisini kuna wanaosema tung'ang'anie CalDAV (njia ya wazi ya kusawazisha kalenda), wengine tutafute seva yenye ActiveSync (njia ya Microsoft ya kusawazisha barua na kalenda pamoja), wengine kalenda yote ihamie Google na barua pepe zibaki zilipo. Kuna pia wazo la kugawa kiungo cha ICS (faili la kalenda) tu. Nani ametumia ipi, na ipi inadumu?

fundi_seva

Mkuu, kwanza ondoa hili la "barua pepe zinaingia vizuri". Barua zinapita IMAP, njia ya kusoma barua zilizo kwenye seva, na IMAP haibebi kalenda hata kidogo. Barua zinaweza kufika kwa sekunde huku kalenda imekufa, na usione kosa lolote. Kalenda ina njia yake, CalDAV, ambayo ni kiwango cha wazi tangu 2007 (RFC 4791) na inasafiri juu ya HTTPS. iPhone inakuja nayo tayari. Android haiji nayo, ndiyo maana mnahitaji DAVx⁵ katikati.

Sasa dalili yako. Ya seva yanafika kwenye simu, maana yake anwani ni sahihi, nywila ni sahihi, cheti cha usalama cha seva kiko sawa. Usiguse hivyo. Fungua tukio moja lililokwama, uliloandika kwenye simu, uangalie chini ya tarehe na saa. Kuna mstari wenye kidoti cha rangi na jina la kalenda. Je, ni kalenda ya ofisi, au ni anwani yako ya Gmail, au kalenda ya simu yenyewe? Ukigusa kitufe cha kuongeza tukio, programu ya kalenda inalitupa kwenye kalenda chaguomsingi, na kwa Android nyingi hiyo ni Gmail ya mwenye simu. Tukio linakuwa limesawazishwa vizuri kabisa, ila kwa Google, siyo kwenu.

Nenda kwenye mipangilio ya programu ya kalenda, ubadilishe chaguomsingi iwe ya ofisi. Ya zamani hayatahama yenyewe, itabidi myanakili.

Kama mstari unaonyesha kalenda ya ofisi na bado haliendi, rudi DAVx⁵ uone kama kalenda hiyo imewekwa ya kusoma tu. Kalenda ya pamoja mara nyingi hushirikiwa bila ruhusa ya kuandika.

BintiMvita

Salamu kutoka Mombasa. Mimi niko upande wa ActiveSync, na nina sababu. Ofisini kwetu watu hawana subira ya kufungua mipangilio mitatu. ActiveSync ni akaunti moja: barua, kalenda na anwani za watu vinaingia pamoja. Halafu simu inabaki imeunganishwa na seva, kwa hivyo tukio linafika papo hapo. DAVx⁵ ukiiacha ilivyo inaangalia seva kila baada ya saa nne. Ukiibana sana ni dakika 15. Kwa mtu aliye getini akisubiri kubadilishiwa muda wa ukaguzi, dakika 15 ni nyingi.

Lakini nikuambie ukweli wote. cPanel haina ActiveSync. Zimbra ya bure (programu nyingine ya seva ya barua) haina pia, iko kwenye ile ya kulipia. Ukitaka bila leseni kubwa, tafuta mtu akuwekee SOGo (programu ya seva yenye ActiveSync), au Z-Push (kiunganishi cha ActiveSync) mbele ya seva iliyopo. Ukienda kwa Exchange, huduma ya barua ya wingu ya Microsoft, inakuja nayo, ila simu zikumbuke kuingia kwa njia mpya, kwa sababu kuanzia 1 Oktoba 2022 walianza kuzima ile ya jina na nywila peke yake. Simu kuukuu yenye akaunti ya zamani itakuomba nywila bila kikomo. Dawa ni kuifuta hiyo akaunti na kuiweka upya.

Na kuna jambo wafanyakazi waambiwe kabla. ActiveSync inampa msimamizi wa seva uwezo wa kulazimisha simu iwe na PIN, na hata kuifuta simu kwa mbali. Kama simu ni mali ya mfanyakazi, yenye picha za watoto wake, aridhie kwanza.

MzeeWaKabati

Vijana wangu, naona Google imepitwa haraka. Kwa ofisi ndogo isiyo na fundi wa kudumu, kalenda ya Google ndiyo nyepesi kuliko zote. Simu zenu za Android zinayo tayari. Fungueni kalenda moja ya ofisi, mpeane ruhusa ya kuandika, basi.

Msichopaswa kufanya ni kuchanganya. Kuna watu wanabaki na kalenda kwenye seva yao, halafu wanaingiza kiungo cha ICS kwenye Google wakidhani wamemaliza. Kiungo hicho ni cha kusoma tu, na Google inakisoma upya kwa ratiba yake, hukiamrishi. Badiliko la asubuhi laweza kuonekana jioni. ICS inafaa kwa sikukuu na ratiba za meli zisizobadilika, ukaguzi wa kontena usiuweke huko.

fundi_seva

Mzee, nakubaliana nawe kuhusu ICS, tena kwa nguvu. Kuhusu Google nina neno moja. Data za wateja wa forodha ziko kwenye akaunti ya ofisi au kwenye Gmail binafsi ya karani? Karani akiondoka, kalenda inaondoka naye kama aliifungua kwa jina lake. Na kabla hujajenga ofisi juu ya huduma ya bure, kumbuka kuwa Google hao hao walikuwa na ActiveSync ya bure, na tarehe 30 Januari 2013 wakaifunga kwa akaunti mpya zisizolipiwa. Waliokuwa wakilipia waliachiwa wakati huo.

MwanaKurasini, nilisahau suala lako la saa. Pima tofauti. Ikiwa tukio limesogea saa tatu, ni ukanda wa saa. Hamisha kalenda kuwa faili la ICS, lifungue, usome mstari wa mwanzo wa tukio:

DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20250610T090000

Huo ni sahihi, saa tatu asubuhi yetu. Ukikuta hivi:

DTSTART:20250610T090000Z

ile Z ya mwisho inasema saa za UTC (saa za kimataifa, nyuma yetu kwa saa tatu), na simu iliyoko Dar itaonyesha 12:00, yaani saa sita mchana. Rekebisha ukanda kwenye kompyuta iliyoandika tukio hilo.

Ikiwa tofauti ni saa sita, usihangaike na seva. Mtu amesikia "saa tatu" akaandika 3:00, na simu inamlia kengele saa tisa usiku. Hilo tulilimaliza kwa kukubaliana kila mtu aandike kwa mfumo wa saa 24.

KijanaWaGoma

Ndugu zangu, salamu. Sisi tunapokea mizigo inayopitia huko kwenu. Huku Goma tuko saa moja nyuma ya Dar, kwa hiyo mwaliko wa 09:00 wa wakala wetu unaonekana kwetu 08:00. Hiyo si hitilafu, msiirekebishe. Kuna mtu huku alibadilisha saa ya simu kwa mkono ili ilingane na mwaliko, na matukio mengine yote yakapinda.

La pili: simu za Android za zamani, chini ya 7.1.1. Kama seva inatumia cheti cha Let's Encrypt (watoaji wa vyeti vya bure), tangu 30 Septemba 2024 simu hizo hazikiamini tena zenyewe. DAVx⁵ italalamika kuhusu cheti na watu watadhani nywila imekosewa.

MwanaKurasini

Shukrani sana wakuu. Nimekaa na simu za wenzangu jioni hii. Fundi, ni kama ulivyosema: matukio yote yaliyokwama yalikuwa chini ya Gmail ya kila mtu. Tumebadilisha chaguomsingi, na tukio la majaribio limeonekana Thunderbird baada ya kusawazisha kwa mkono. Simu moja ilibaki kimya hadi tulipoiondolea DAVx⁵ kizuizi cha kuokoa betri na kuiruhusia data ya chinichini. Makosa ya saa nayo yalikuwa ya aina zote mbili, tofauti ya saa tatu na ya saa sita.

Tumeamua kubaki na CalDAV, dakika 15, kwa sababu seva tunayo na hatuhitaji kuomba ruhusa ya kufuta simu za watu. Mabadiliko ya haraka ya getini yataendelea kwa simu ya kupiga. BintiMvita, wazo la SOGo nalipeleka kwa bosi mkataba wa seva ukiisha. iPhone moja bado inagoma, inasema haiwezi kuthibitisha akaunti.

BintiMvita

Weka anwani ya seva pamoja na mlango (port), 2080, na jina la mtumiaji liwe barua pepe nzima pamoja na kile kilicho baada ya @. iPhone ikipewa jina la mbele tu, cPanel inaikataa.

MwanaKurasini

Imekubali.