Ofa mbili za postidoki afya ya akili: T32 au maabara ya profesa mmoja? Nina siku 10 za kujibu

Kiti_Kimoja (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima zenu. Nimetetea tasnifu ya uzamivu mwaka huu na mkononi nina ofa mbili za postidoki (kazi ya utafiti ya muda baada ya uzamivu), zote Marekani. Ya kwanza ni programu ya T32, mafunzo ya utafiti yanayolipiwa na serikali ya Marekani: tunaingia watu sita, kila mmoja ana wasimamizi wawili, semina kila wiki, na kuna kozi ya kuandika maombi ya ruzuku. Miaka 2. Ya pili ni maabara ya profesa mwenye jina zito anayepiga picha za ubongo za watu wenye skizofrenia. Nitalipwa kutoka kwenye ruzuku yake, mwaka 1 unaoweza kuhuishwa, na anasema data ipo tayari, nikifika ni kuandika tu. Moyo uko kwa profesa, kichwa kiko T32. Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi?

Mzee_wa_Ruzuku
Mkuu, mbona hujasema kitu? Uzamivu wa nini: saikolojia tiba, neurosayansi, epidemiolojia? Unataka leseni ya kuona wagonjwa au utafiti mtupu? Na una karatasi gani za kukaa? T32 ni fedha za NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, na kiti chake hapewi mtu ambaye si raia wala mkaazi wa kudumu. Kama uko kwa J-1, viza ya muda ya wageni, ofa yako ya kwanza ni hewa na uzi huu tuufunge mapema.

Takwimu_Tupu
T32, bila kupepesa macho. Wasimamizi wawili maana yake mmoja akikununia unaye wa pili.

Skana_Boy
Nami nasema profesa. Jina la msimamizi ndilo linalofungua milango, hizo semina za kila wiki ni chai na usingizi. Ukitoka na makala tatu ukiwa mwandishi wa kwanza, nani atakuuliza ulihudhuria semina ngapi?

Kiti_Kimoja
@Mzee_wa_Ruzuku samahani, niliandika haraka. Uzamivu ni wa saikolojia tiba, mwaka wa mafunzo ya vitendo nimeshaumaliza. Leseni bado. Ukaazi wa kudumu ninao. Na mimi ni dada, si mbaya lakini.

Mzee_wa_Ruzuku
Haya dada, sasa tunaongea. Leseni ndiyo ilipaswa kuwa mstari wako wa kwanza. Majimbo mengi yanataka saa za kazi chini ya msimamizi baada ya uzamivu, na idadi haifanani: kuna yanayodai 1,500, kuna 2,000, na machache yamefuta sharti hilo kabisa. Juu yake kuna EPPP, mtihani wa leseni ya saikolojia, maswali 225, yanayohesabiwa 175. Sasa kaa chini ujiulize: kwenye maabara ya skana utamwona mgonjwa wapi? Kumlaza mtu kwenye mashine na kumwambia asitikisike si tiba. Hakuna bodi ya leseni itakayokuhesabia saa hizo.

Kwa T32 pia usibweteke. Ni mafunzo ya utafiti ya muda wote, na kliniki inaruhusiwa pale tu inapokuwa sehemu ya mafunzo hayo. Muulize mkurugenzi wa programu swali moja lililonyooka: waliokutangulia wenye shahada kama yako wamepata leseni wakiwa humo, au walisubiri mpaka watoke?

Posho_si_Mshahara
Jina langu linajieleza. Ukiwa T32 wewe si mwajiriwa. Unachopata ni posho, kwa kawaida kodi haikatwi juu kwa juu, kwa hiyo ikifika Aprili unadaiwa lote kwa mpigo kama hukujiwekea. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nazila zote nikijiona tajiri. Ulizia pia bima ya afya na akiba ya uzeeni, maana kwa profesa unaweza kuandikwa mfanyakazi kamili mwenye vyote hivyo.

Halafu kuna deni la utumishi. Miezi 12 ya kwanza ya fedha hizo inakuachia deni la mwezi kwa mwezi. Ukiendelea mwaka wa pili, kila mwezi unaobaki unafuta mwezi mmoja wa deni. Ukikaa miaka 2 kamili unatoka msafi. Ukiondoka mwaka wa kwanza ukaenda kufungua kliniki binafsi, hapo ndipo watakutafuta.

Skana_Boy
Mnamtisha dada wa watu kwa makaratasi. Deni lenyewe hulipwa hata kwa kufundisha au kufanya utafiti wa afya sehemu nyingine. Si kifungo.

Bi_Mkimya
Huwa sichangii humu, ila "data ipo tayari" imenitoa mafichoni.

Nami niliambiwa hivyo hivyo. Nilihama na mizigo yangu kwa ajili ya sentensi hiyo. Nilipofungua mafaili nikakuta katikati ya mradi walibadilisha skana, kwa hiyo wagonjwa wengi wako kwenye mashine mpya na watu wazima wa afya wengi wako kwenye ya zamani. Ukiona tofauti, hujui ni ya ugonjwa au ya mashine. Madodoso ya nusu ya washiriki hayakuwepo, msaidizi aliyeyakusanya alishaondoka. Na kichwa! Wenye dalili kali hutikisika zaidi ndani ya mashine, na tangu 2012 zilitoka makala kadhaa kuonyesha kwamba mtikisiko mdogo tu unaweza kuzua tofauti za mawasiliano ya ubongo ambazo hazipo. Nilipoondoa waliotikisika, kundi la wagonjwa likabaki na watu wachache hata aibu kuandika.

Miezi 7 nasafisha. Mwezi wa 9 profesa akaniita Ijumaa jioni, mpole kuliko siku zote, akasema ruzuku haikuhuishwa. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka 1 "unaoweza kuhuishwa", neno lile lile lililoandikwa hapo juu. Data ikabaki maabara. Na swali nililoanza kulijenga, lile nililokuwa naliwaza mpaka usiku, akapewa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Makala ilipotoka jina langu lilikuwa la tano.

Profesa hakuwa mtu mbaya, hilo niliseme. Alikuwa na watu 14 chini yake na hakuwahi kuyafungua mafaili yale mwenyewe. Dada, omba kuiona data kabla ya kusaini. Uliza ruzuku inaisha mwezi gani. Mwambie akuandikie kwenye barua pepe ni mada zipi utaondoka nazo.

Takwimu_Tupu
Pole sana Bi Mkimya. Jina la tano kwa data uliyoisafisha mwenyewe, aisee.

Mtaa_kwa_Mtaa
Kwani mnashindania nini? Skana zote hizo, daktari wa akili bado anatambua skizofrenia kwa kuketi na mtu na kumsikiliza. Thomas Insel, aliyeongoza NIMH, taasisi ya afya ya akili ya NIH, toka 2002 hadi 2015, amekiri mwenyewe hadharani kwamba mabilioni yaliyoingia kwenye jenetiki na neurosayansi hayakupunguza watu wanaojiua wala wanaolazwa. Angalia sasa Zimbabwe: daktari wa akili Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha wahudumu wa kawaida, wengi wao mabibi, kukaa kwenye benchi na kumsaidia mtu atatue tatizo moja baada ya jingine. Jaribio la nasibu, kliniki 24 za Harare, watu 573, likachapwa kwenye jarida la tiba la JAMA mwaka 2016, na dalili zilishuka kweli. Dada, achana na ofa zote mbili, tafuta programu ya afya ya akili ya dunia.

Skana_Boy
Haya, imeanza. Sayansi ya ubongo inataka subira. Dawa ya litiamu je? Daktari John Cade aliitangaza 1949, leo ni uti wa mgongo wa tiba ya ugonjwa wa baipola.

Mtaa_kwa_Mtaa
Cade hakuwa na skana. Alikuwa na simbilisi na ujasiri wa kuimeza dawa mwenyewe kwanza. Huo mfano umenipa mimi.

Skana_Boy
😂 Na lile benchi lako walitumia dodoso la Kishona lililopimwa kwa miaka. Bila kipimo ungejuaje kuwa dalili zimeshuka?

Mtaa_kwa_Mtaa
Nani kakataa kipimo? Dodoso limejengwa juu ya maneno ya watu wenyewe, *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Sisi humu bado tunagombana kama ni sonona, unyogovu au huzuni kali. Mgonjwa yeye anasema "mawazo yamenizidi".

Mzee_wa_Ruzuku
Fungueni uzi wenu. Dada ana siku 10.

Nyongeza moja. Kuna njia ambayo hakuitaja: aombe fedha zenye jina lake. F32 ni ruzuku ya NIH ya mtu binafsi, ila masharti ya uraia na deni ni yale yale ya T32, na miaka ya fedha za namna hiyo kwa postidoki kwa kawaida haizidi 3 ukijumlisha zote mbili. K99/R00, ruzuku ya NIH ya kumvusha postidoki awe mtafiti anayejitegemea, haibagui uraia, lakini unaiomba ukiwa bado ndani ya miaka 4 ya postidoki. Mwaka mmoja ukipotea kwenye kusafisha data kama ya Bi Mkimya, saa hiyo haikusubiri. Ulaya kuna ufadhili wa postidoki wa Marie Skłodowska-Curie, na kule sharti ni kwamba usiwe umeishi nchi unayoiombea zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi.

Takwimu_Tupu
Hospitali za maveterani nazo zina postidoki nzuri za utafiti wa magonjwa ya akili, unaona wagonjwa huku unaandika.

Mzee_wa_Ruzuku
Wanataka raia kamili. Ameshasema ana ukaazi tu. Tusome kabla ya kujibu jamani.

Kiti_Kimoja
Asanteni nyote, Bi Mkimya hasa. Mrejesho: nimewaandikia wote wawili. Mkurugenzi wa T32 amenijibu siku hiyo hiyo. Kati ya watu wa saikolojia tiba waliopita, wawili walipata saa zao humo humo kwa siku moja ya kliniki kwa wiki, mmoja alishindwa akamalizia nje. Ameniunganisha na huyo aliyeshindwa, nimelipenda hilo. Profesa nilimuuliza ruzuku inaisha lini na kama naweza kuiona data. Kajibu mstari mmoja: "Tutaongea vizuri ukifika."

Na bado moyo uko kwake, msinicheke. Swali la utafiti ni la kwake, nimelisoma tangu shahada ya pili. Nimeomba niongezewe wiki moja, nasubiri.

Bi_Mkimya
Sikucheki. Nilikuwa hivyo hivyo.

Skana_Boy
Mpigie simu, maprofesa hawajui kuandika barua pepe. Huenda hana baya.

Daktari_Zamu
Samahani kudandia uzi. Mimi ni daktari, namaliza ubingwa wa magonjwa ya akili, sina uzamivu. T32 inanihusu au ni ya wenye PhD peke yao?

Mzee_wa_Ruzuku
Inakuhusu, shahada ya udaktari inatosha. Uraia je?

Daktari_Zamu
Hapo sasa ndipo penye hadithi ndefu.