Riwaya ya mapenzi yenye vichekesho: binti wa kishua mwenye maringo, msomaji atamvumilia vipi?

Mwanarasimu
Wakuu, naomba msaada wa kiufundi. Mhusika wangu mkuu ni binti wa kishua, anaringa na anapenda kuwapangia wenzake maisha. Waliosoma rasimu wote wanaishia sura ya tatu. Sitaki kumgeuza malaika. Jane Austen aliliweza hili kwenye riwaya yake Emma, yenye jina la mhusika mkuu, iliyotoka Desemba 1815. Naomba mnioneshe ni wapi hasa ndani ya kitabu.

Kalamu Kavu
Tazama mpangilio wa sura za mwanzo. Sentensi ya kwanza tu inasema Emma ni mzuri, mwerevu na tajiri, na mbele tunaambiwa fungu lake ni pauni 30,000. Maringo hayafichwi. Ila jioni kisa kinapoanza mlezi wake ameshaolewa na kuondoka, nyumba imepooza, naye anajikaza kumchangamsha baba yake, mzee anayeogopa maradhi kupita kiasi. Sura ya 3 mzee anawasihi wageni wasile vizito, ikiwezekana wanywe uji mwepesi kama yeye. Emma anamwacha aseme, huku akihakikisha wageni wanashiba. Hakuna anayemsifu kwa hilo, msomaji anajionea mwenyewe.

Ubaya wenye madhara unakuja sura ya 7, anapomfanya Harriet, msichana wa miaka 17, aikatae posa ya mkulima Robert Martin. Kagua rasimu yako: kama dhuluma imetangulia wema, umeshapata jibu.

Bi Mhariri
Naongezea suala la usimulizi, maana ndipo kicheko kilipo. Ni nafsi ya tatu, lakini karibu kila kitu tunakiona kwa macho ya Emma (sura ya 41 ndiyo inahamia kwa Knightley, jirani na rafiki wa familia ambaye mwishoni anamuoa Emma). Emma amejifanya mshenga kati ya Harriet na kasisi Elton. Anamchora Harriet, Elton anaisifu picha na kujitolea kuipeleka London ikawekwe fremu. Emma anasoma hapo mapenzi kwa aliyechorwa, kumbe yalikuwa kwa mchoraji. Sura ya 15, ndani ya gari la farasi, Elton anamposa Emma mwenyewe.

Kwa hiyo kila dalili unayoweka ibebe maana mbili, na zote zisimame mtu akirudi kusoma upya. Ukiiegemeza upande mmoja, msomaji anamwona mhusika mjinga, na maringo pamoja na ujinga hayavumiliki.

Mwanarasimu
Asante sana, Bi Mhariri. Na adhabu? Nilipanga baba yake afilisike.

Kalamu Kavu
Usifanye hivyo, mkuu. Umaskini wa ghafla unamletea huruma asiyoitolea jasho, na kosa lake halijaguswa. Emma anabaki tajiri hadi mwisho. Kinachomvunja ni sura ya 43, kwenye mandari ya Box Hill, anapomtania Miss Bates mbele ya watu kwamba hawezi kusema mambo matatu tu ya kipuuzi kwa mkupuo. Miss Bates ni maskini, hana ubavu wa kujibu, na anakubali tusi kwa unyonge. Knightley anamkemea Emma faraghani, wakati wa kuondoka. Emma analia njia nzima, na kesho yake asubuhi anakwenda mwenyewe kwa Miss Bates. Toba yake ni safari ile, wala hakuna hotuba.

Bi Mhariri
Na huyo anayemkemea naye awe na doa. Knightley anamchukia Frank Churchill, kijana anayemvutia Emma, tangu sura ya 18, hata hawajaonana, na chanzo ni wivu. Bila hilo angekuwa mwalimu wa maadili tu, na mapenzi yao yasingekuwa na ladha.

Msomaji Mgumu
Mimi sijamsamehe kabisa. Harriet anaolewa na yuleyule Martin, halafu urafiki wake na Emma unaachwa upoe kwa sababu ya tabaka, na kitabu kinaliona ni jambo la kawaida. Mwanarasimu, amua mapema rafiki maskini wa binti yako anaishia wapi. Wasomaji wa leo watakudai hilo kuliko harusi.