Msaada wakuu: nafeli ule mtihani wa "ungefanya nini kazini" kwenye kampuni za mawakili London

Mgeni_Leicester
Habarini wakuu. Nimesoma sheria UDSM, nikaja Uingereza kwa masta, sasa naomba nafasi za mafunzo ya uwakili London. Maombi yanapita vizuri, kisha wanatuma ule mtihani wa mtandaoni: unapewa kisa cha ofisini na majibu manne au matano, uchague lipi bora na lipi baya zaidi. Nimeanguka mara 3 mfululizo na hawaelezi kosa liko wapi. Nimetumiwa mwingine, mwisho Jumapili usiku. Viza ya baada ya masomo imebaki miezi 7. Nijiandaeje?

Kisiki_cha_Mpingo
Rudi nyumbani kijana. Law School of Tanzania ipo, soma, apishwa, fungua ofisi. Huko unatafuta nini?

MamaNasra
Kisiki, Law School ile ya 2022, watu 633 wakafaulu moja kwa moja 26? Mwache mtoto wa watu apambane alipo.

Kisiki_cha_Mpingo
Mama, waliofaulu si ndio mawakili leo? Mimi nilianza na meza moja ya kuazima na mashine ya chapa iliyokosa herufi R. Nilikuwa naijazia kwa kalamu, ukurasa kwa ukurasa.

Dogo_Temeke
Huo si ndio Watson Glaser? Chagua C kila swali ulale zako 😂

Karani_Birmingham
Dogo, Watson Glaser ni mwingine, unapima hoja: ukipewa taarifa hii, hitimisho lile linafuata au halifuati. Huu unapima utakavyoishi na watu kazini. Mleta uzi, tupe kisa kimoja na ulichojibu.

Mgeni_Leicester
Kisa: wakili mkuu kakupa kazi ya kumaliza saa kumi na moja jioni. Mwingine kaja na yake, saa ileile. Jibu bora nikachagua: usile mchana, kaa kimya, pambana umalize zote. Baya zaidi nikachagua kuwaambia wote wawili kwamba kazi zinagongana. Mtu mdogo unawezaje kumpangia mkubwa?

Karani_Birmingham
Hapo ndipo unapopotelea, mdogo wangu, na nakuelewa kabisa. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akikutuma unaitika "naam" kisha unajua mwenyewe pa kufia. Kwao ukimya ule ni hatari. Saa kumi na moja ikifika na kazi zote mbili nusunusu, mteja ndiye anaumia. Wanataka uwaambie mapema, asubuhi ileile, uje na pendekezo: "hii naweza kuimaliza saa tisa, ile kesho asubuhi, ipi itangulie?" Huko si kumpangia mkubwa. Unampa habari ili apange yeye.

Nikupe la kwangu. Mwaka wangu wa kwanza ofisini nilitia barua ya mteja mmoja kwenye bahasha ya mteja mwingine. Nilijua nikiwa kituo cha basi, maana nakala niliyokuwa nayo mkononi haikuwa na jina la niliyemtumia bahasha. Nilitaka nimpigie yule mteja nimwombe aichane asiisome. Miguu ikanirudisha ofisini, nikamwambia msimamizi kabla sijavua koti. Alikasirika, lakini kabla hajakaa alikuwa ameshainua simu kulirekebisha. Kisa cha aina hiyo hakikosekani kwenye mitihani hii. Majibu ya kuficha, ya kumsukumia mwenzako, au ya kumwahidi mteja jambo usilo na mamlaka nalo, mengi huishia kwenye "baya zaidi".

Jingine: soma ukurasa wa kampuni unaoeleza wanathamini nini, kisha fanya majaribio ya bure kwenye tovuti za watunga mitihani. Kila ukikosea, andika kwa nini.

Ila nina swali. Kiungo cha mtihani unacho, wala huulizi maswali ya ndani yake. Unasubiri nini mpaka Jumapili?

Mgeni_Leicester
Nasubiri nitulie tu, kaka.

Karani_Birmingham
Sema kweli.

Mgeni_Leicester
Sawa. Binamu yangu yuko Coventry, anafanya kazi ya kuajiri watu. Anakuja Jumamosi na kompyuta yake. Mimi nitasoma maswali, yeye atachagua. Tiketi ya treni nimeshamlipia. Si wizi, ndugu husaidiana. SQE1, ule mtihani wa kufuzu uwakili huku, ina maswali 360, ile nitafanya mwenyewe.

MamaNasra
Mwanangu! Kwa hiyo kisa cha kwanza umepewa wewe, na jibu baya zaidi ndilo ulilolichagua.

Kisiki_cha_Mpingo
Na ukurasa wa mwanzo huwa wanakutaka uthibitishe kwamba unafanya peke yako. Kabla hujaandikishwa, SRA, wanaosimamia mawakili huko, wanaangalia tabia yako na uaminifu. Unaanza uwakili na tamko la uongo?

Dogo_Temeke
Wakuu, hii chai. Machi akaunti hii ilikuwa inauza sato Mwanza, namba ya simu juu kabisa. Leo Leicester na masta?

MamaNasra
Ee, nakumbuka! Nilimwulizia bei ya sangara.

Mgeni_Leicester
Si chai. Ile ni biashara ya mdogo wangu, nilimwazima akaunti kwa sababu yangu ina siku nyingi, watu wanaiamini.

Karani_Birmingham
Kwa hiyo mteja wa sato alidhani anaongea na wewe.

Dogo_Temeke
Daah.

Mgeni_Leicester
Kaka Karani, nimekusoma tangu jana sijajibu. Nimempigia binamu asije, tiketi imepotea, basi. Nina siku mbili. Nikikuandikia visa vitano nilivyotunga mwenyewe na majibu yangu, utanisomea leo usiku?

Karani_Birmingham
Tuma. Natoka kazini saa kumi na mbili jioni. Na kila kisa andika ungemwambia nani kwanza.